Rangi Iliyorudi

Mtoto wa mdogo wangu tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Aliamka akiongea, akala akiongea, na usingizi ulimkuta katikati ya sentensi. Baba yake, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, alikuwa akisema mtoto huyu kachukua maneno yote ambayo yeye ameyabana tangu utotoni. Mimi aliniita Mama Mkubwa, kama inavyostahili, na kwa kuwa sikujaliwa mtoto wangu mwenyewe, jina hilo nililipokea kwa mikono miwili.

Mimi na mdogo wangu tulifanya kazi kwa dobi mmoja mkubwa aliyekuwa akifua mashuka na taulo za nyumba za wageni. Yeye alikuwa upande wa kuloweka na kufua, mimi upande wa pasi. Katikati yetu palikuwa na mlango usiofungika vizuri, na mvuke ulipita hapo mchana kutwa hata kuta zikawa zinatoka jasho kama sisi. Chiriku akitoka chekechea alikuja kumsubiri mama yake, maana nyumbani hapakuwa na mtu. Bosi hakupenda, ila alinyamaza, kwani mtoto alimchekesha. Kona yake ilikuwa nyuma ya meza yangu, juu ya marobota ya mashuka makavu, na hapo ndipo alipotupa habari za dunia nzima: nani kajikojolea darasani, nani kaletewa begi jipya, mwalimu kavaa viatu visivyolingana.

Mdoli aliletwa na shangazi yake. Huyu dada wa shemeji alifanya kazi za ndani kwa watu wenye uwezo, na binti wa nyumba ile alipokua, mama yake akamwambia shangazi amchukue mdoli ampelekee mtoto yeyote wa kwao. Shangazi akamwosha, akamchana, akamshonea gauni la kitambaa cha pazia, na hakusubiri jioni. Alimleta moja kwa moja kazini kwetu.

Tuliacha pasi. Mdoli alikuwa wa rangi ya waridi, nywele za dhahabu zimemfika kiunoni, macho ya buluu yanayojifunga ukimlaza.

"Lo, mrembo huyo!" akasema mama mmoja wa meza ya pili.

"Tazama pua yake."

"Gusa nywele, zinateleza kama maji!"

"Kazuri, jamani, kazuri mpaka kanatisha."

Chiriku alisimama katikati yetu, macho yakitoka uso mmoja kwenda mwingine, kwa mara ya kwanza bila neno. Mdoli akapata jina siku hiyohiyo: Mrembo.

Chiriku mwenyewe alikuwa mweusi tii. Weusi wa upande wa baba yake, ngozi nyororo inayong'aa akipakwa mafuta. Bibi yake alimwita Kijungu, kwa weusi wa chungu kidogo chenye masizi. Umeme ukikatika usiku, baba yake alimwambia, "Hebu cheka tukuone uko wapi," na Chiriku alicheka kuliko sisi sote, meno nje, huku akipapasa gizani kumtafuta baba yake. Hapakuwa na ubaya wowote ndani ya maneno hayo. Yalikuwa maneno ya nyumbani, ya kupendana. Lakini ukiniuliza kama nilimsikia mtu yeyote, siku yoyote, akimtazama mtoto yule usoni na kusema "mrembo huyo", nitakuambia sikumsikia.

Mchana mmoja alikuja na habari kama kawaida yake.

"Mama Mkubwa, leo tumecheza baba na mama."

"Wewe ulikuwa nani?"

"Dada wa kazi."

"Na jana?"

"Dada wa kazi." Alikuwa akimvua Mrembo viatu. "Mimi siwezi kuwa mama. Watoto wa midoli wa kwenye kisanduku cha mwalimu wote weupe, hawafanani na mimi. Wenzangu wanasema mtoto akiniona atalia. Mama anakuwa yule binti wa mwenye duka, yeye mweupemweupe."

"Sasa mshahara wanakulipa?" nikamuuliza, na meza nzima ikaangua kicheko.

Akafikiri. "Hawanilipi."

"Basi goma!" akasema mdogo wangu kutoka mlangoni, povu likimchuruzika viwikoni. "Mwambie shangazi yako akufundishe kugoma."

Tukacheka tena. Shuka lingine likaja mezani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya hapo akawa anapenda kukaa upande wa mama yake. Alisimama kwenye kreti la soda, kidevu kwenye ukingo wa beseni, akitazama nguo zikilowekwa. Mdogo wangu hakuwa mkali. Alimweka mbali na mashine, akamwacha atazame na aulize.

"Mama, hili doa litatoka?"

"Litatoka."

"Jeusi hivi?"

"Hata liwe jeusi kama nini. Hakuna doa linaloshinda maji ya moto na unga huu. Litatoka, na shuka litakuwa jeupe pee."

"Hata la zamani?"

"La zamani unaliacha likae zaidi. Shuka halilii, linavumilia tu."

Ni maneno aliyowaambia wafanyakazi wapya kila siku. Hakuna aliyeyatilia maanani.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Mashine zote zilikuwa zinanguruma. Mdogo wangu alikuwa amejaza beseni maji kutoka kwenye tangi la moto, ametia unga, kisha akaitwa mlango wa nyuma kupokea mafurushi kutoka kwenye gari. Chiriku alikuwa nami. Aliniambia anakwenda kumwonyesha Mrembo mapovu. Nikamwambia asisogee karibu. Akasema, "Sawa, Mama Mkubwa."

Ukelele ule sitaki kuueleza. Niliiacha pasi juu ya shuka na kukimbia. Nilimkuta amesimama juu ya kreti, mkono wake wa kushoto umenyooka mbele yake kama si wake, unafuka mvuke. Mtu wa mashine akamwinua, mwingine akafungulia bomba la maji baridi. Mdogo wangu alikuja mbio akiwa bado amebeba furushi, hakujua hata pa kulitua. Katika zahama ile niliona vitu viwili ambavyo havikuniingia akilini wakati huo: blauzi ya mtoto imevuliwa na kukunjwa vizuri, imewekwa sakafuni, na Mrembo amekalishwa juu yake, mgongo ukutani, uso umeelekezwa kwenye beseni.

Hospitali walisema mkono umeungua kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko. Walisema tushukuru Mungu kwamba aliuchomoa mapema. Shemeji alifika na nguo zake za kazi, bisibisi bado mfukoni, akamtazama mtoto aliyefungwa bandeji, kisha akamgeukia mke wake.

"Maji ya moto unayaachaje na mtoto yupo?"

Mdogo wangu akainamia kitanda cha mtoto.

"Nakuuliza, unayaachaje?"

"Shemeji, acha," nikasema.

Akaacha kwa mdomo. Kwa macho hakuacha, na mdogo wangu aliyabeba macho hayo siku zote tulizokaa wodini, akilala kwenye kiti cha plastiki, akiamka na alama za kiti mgongoni. Alipungua mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni, akaivua na kunipa nimtunzie. Mara kwa mara aliniambia, "Dada, niligeuka kidogo tu. Kidogo tu." Nami nilimwambia ajali haina kinga, mtoto kateleza, ingeweza kumpata yeyote. Ndivyo tulivyoamini sote. Chiriku mwenyewe hakusema lolote kuhusu siku ile. Madaktari walisema ni mshtuko.

Kubadilisha bandeji kulikuwa mateso. Alikuwapo muuguzi mmoja mnene, mwenye subira, ambaye kabla ya kumgusa mtoto alichukua mdoli wa wodini na kumfunga bandeji ileile, ili mtoto aone kitakachofanyika. Mdoli huyo naye alikuwa wa waridi, kama wa nyumbani. Chiriku alimwangalia muuguzi akimfungua mdoli, akauliza, "Huyu ameshatakata?" Muuguzi akamjibu ndiyo, ameshasafishwa. Chiriku akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kisha ikafika asubuhi ambayo bandeji ilitolewa isirudishwe. Nilikuwa nimemletea mdogo wangu chai. Muuguzi akabandua tabaka la mwisho polepole, akaurusha uchafu kwenye ndoo, akasema kwa furaha, "Angalia! Ngozi mpya imeota vizuri kabisa."

Ilikuwa ya waridi. Mkono mzima, kuanzia kwenye vidole, ulikuwa mwororo, unang'aa, wa waridi kama ndani ya mdomo.

Chiriku aliutazama. Akaugeuza, akautazama upande wa pili. Akatabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu alazwe.

"Mama," akasema, "umetoka."

"Nini kimetoka, mwanangu?"

"Weusi."

Muuguzi akacheka kidogo. Mdogo wangu hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Umesema nini?"

"Ulisema maji ya moto hayashindwi. Nikaingiza mkono." Maneno yalikuwa yamerudi, yanamtoka kama zamani, haraka haraka. "Nilitaka kuanza na uso, lakini uso niliogopa. Nikasema nianze na mkono kwanza, nione. Iliuma sana, Mama, mashuka yanavumiliaje? Nikipona kabisa nitaingiza na huu mwingine. Sasa najua inauma, nitafumba macho."

Muuguzi alibaki na mkasi mkononi. Mdogo wangu akanyoosha mkono kama anayetaka kumfunika mtoto mdomo, akaurudisha. Kisha akainuka na kutoka nje. Nilimkuta korido, kwenye sinki la kunawia, amefungulia bomba na kuiweka mikono yake chini ya maji, anayatazama tu yakipita.

"Alinisikia," akasema. "Dada, alinisikia mimi."

Nilifunga bomba. Akalifungua tena.

Shemeji tulimwambia jioni, pale kwenye benchi la nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia na kuishika magotini. Tangu saa ile hakumuuliza mke wake tena habari ya maji ya moto. Na nyumbani, umeme ukikatika, hakuna aliyemwambia mtoto acheke. Tulikaa kimya gizani mpaka mtu akapata kiberiti.

Wiki za kwanza baada ya kurudi zilikuwa za hofu. Birika liliwekwa juu ya kabati. Mdogo wangu aliacha kazi ya kuloweka, akaomba kuhamishiwa kukunja, na Chiriku hakuja tena kwa dobi. Jirani alikuwa anamtunza mchana. Mtoto alionekana ana raha. Aliutembeza mkono wake kama mtu mwenye saa mpya. Alimlaza Mrembo ubavuni, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mdoli, akatulia akiitazama.

Kisha rangi ikaanza kurudi.

Ilianza na vidoti vidogo, kama mtu kamnyunyizia pilipili manga. Siku zilivyokwenda vidoti vikapanuka, vikakutana, na pembeni nako weusi ukawa unaingia taratibu. Kliniki, daktari aliushika mkono ule karibu na dirisha na kusifu. "Safi sana. Rangi inarudi. Mtoto wenu ana bahati." Mdogo wangu akasema ahsante. Chiriku alikuwa akimtazama daktari midomo, na machozi yakaanza kumdondoka bila sauti.

"Linarudi, Mama," akasema tulipotoka. "Doa linarudi. Hukulitoa vizuri."

Tulimkuta bafuni akijisugua kwa jiwe la kusugulia miguu. Ngozi ile changa ilikuwa imechubuka, inatoka damu. Mdogo wangu alimnyang'anya jiwe, akamkumbatia akiwa amelowa vilevile, na mtoto akalia kilio cha mtu aliyeibiwa.

Ndipo mdogo wangu alipoingiwa na wazo la mdoli mweusi. Alikwenda kwanza chekechea, akazungumza na mwalimu. Mwalimu aliona aibu sana, mtu mzuri tu, na kesho yake akakiondoa kisanduku chote darasani. Watoto wakabaki na vipande vya mbao vya kujengea. Kisha tukaanza kuzunguka madukani, mimi naye, kila tulipopata nafasi. Midoli ilikuwa imejaa. Midoli inayolia, inayonyonya, inayotembea, inayosema mama. Yote ni ndugu zake Mrembo.

Katika duka moja mwenye duka alikuwa mzee mchangamfu, miwani imening'inia kifuani.

"Nina wa bei zote, mama. Unataka wa umri gani?"

"Nataka mweusi."

"Mwenye gauni jeusi?"

"Mweusi mwenyewe. Ngozi. Kama mimi na wewe."

Mzee akavaa miwani, akamwangalia vizuri. "Niliwahi kuwaleta. Walikaa hapo mpaka wakapauka kwa jua. Mama anaingia na mtoto, mtoto ananyoosha kidole kwa hawa, mama anawalipia hawa. Nitafanyaje? Mimi nauza kinachouzika." Akafikiri. "Ngoja, labda kuna huyu."

Akaingia nyuma, akarudi na mmoja. Alikuwa mweusi kama masizi, kweli, lakini midomo imepakwa nyekundu imeenea nusu ya uso, macho yamemtoka, mwili wote umetengenezwa ili watu wacheke. Mdogo wangu alimshika, akamtazama, akamlaza juu ya kaunta uso chini.

"Huyu nani kamtengeneza?" akauliza.

"Sijui, mama. Wanakuja kwenye maboksi."

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Njiani akasimama ghafla mbele ya duka la vitambaa, akanunua rangi ya unga, ile ya kutia nguo, ya kahawia iliyokolea.

Jumapili shemeji alimchukua mtoto kwenda naye matembezini, na sisi tukabandika sufuria kuukuu jikoni. Nguo tumezitia rangi maisha yetu yote. Tuliona ni kazi ndogo. Mdogo wangu alimvua Mrembo gauni, akamsugua kwa siki ili rangi ishike, akamtumbukiza. Alikuwa amechangamka, mara ya kwanza tangu yale yatokee. Alikoroga kwa mwiko akisema, "Tutamsuka nywele. Zikikolea nitamsuka mabutu kama yake, wawe pacha." Nami nilikuwa namkatia utepe wa nywele.

Plastiki si pamba. Rangi ilishika hapa, ikakataa pale. Nywele zikawa kama majani makavu yaliyoloweshwa. Tukaongeza moto, tukidhani itakolea.

Hatukusikia mlango. Walikuwa wamerudi mapema kwa sababu ya mvua. Chiriku akaingia jikoni mbio akitaka kutuambia kitu, akaona mvuke, akaona uso wa Mrembo ukielea na kuzama, jicho moja limejifunga.

Alipiga ukelele uleule wa kwa dobi.

"Mtoeni! Mtoeni! Inauma! Mama, mtoe, inauma!"

Shemeji alitia mkono kwenye sufuria bila kufikiri, akamtoa mdoli na kumtupa sakafuni, akabaki anapuliza vidole. Mrembo alikuwa amelainika, shavu limebonyea, amejaa mabaka ya kahawia na waridi. Chiriku alipiga magoti. Alimfunga kwa taulo, polepole, kuanzia vidole kwenda juu, kama alivyokuwa akimwona muuguzi. Mdogo wangu alisimama na mwiko mkononi, rangi ikidondoka miguuni pake.

Kesho yake asubuhi nilipita kwao kabla ya kazi. Niliwakuta wamekaa kitandani, mama na mwanawe, mdoli katikati yao ndani ya taulo.

"Sikutaka kumuumiza," mdogo wangu alikuwa akisema. "Nilitaka afanane na wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mzuri. Rangi yako nzuri. Nzuri sana, mwanangu."

Mtoto alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu mambo kichwani kama wafanyavyo watoto.

"Mrembo mlimwambia siku ileile alipokuja," akasema. "Hata gauni hakuwa amebadilisha."

"Ninakuambia sasa."

"Sasa unasema kwa sababu nimeungua."

Nilimwona mdogo wangu akitafuta, kati ya siku zote alizomlea mtoto yule, siku moja ya kumwonyesha. Alimwogesha, alimlisha, alimbeba mgongoni, angekufa kwa ajili yake. Lakini neno lenyewe alikuwa hajalisema.

Tangu hapo alimwambia kila siku. Alimwambia akimpaka mafuta, akimsuka, akimvika sare. Baba yake naye akajifunza, mtu yule asiye na maneno, akitoka kazini, alisimama mlangoni na kusema, "Binti yangu mzuri hajambo?" kwa sauti ya mtu anayesoma lugha ngeni. Mtoto aliitikia, "Sijambo, baba." Alikuwa na adabu. Alisikiliza yote kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa anayeweweseka, kisha akaendelea na shughuli zake. Habari za dunia alikuwa haleti tena. Ukimuuliza shuleni kulikuwaje, alijibu, "Kuzuri." Jina la Chiriku likakoma midomoni mwetu bila mtu kukubaliana na mwenzake.

Sasa ni msichana mkubwa, anakaribia kunipita urefu. Anafanya vizuri shuleni, hana kelele na mtu. Mkono wote ulirudia rangi yake, isipokuwa pale karibu na kiwiko ambapo paliungua zaidi. Hapo pamebaki baka la waridi. Sare yake ya shule ina mikono mirefu. Wa kulia anaufunga kifungo. Wa kushoto anaukunja hadi juu ya kiwiko, hata kukiwa na baridi, na wenzake wanadhani ni staili. Nimemwona mara nyingi akipaka mafuta jioni. Mwili mzima anaupitishia mafuta haraka haraka, lakini baka lile analipaka kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mwezi uliopita shangazi yake alikuja na mfuko. Amezeeka, magoti yanamsumbua, na kwa kisa kile amejilaumu kuliko alivyostahili. Aliketi, akatoa boksi lenye dirisha la plastiki.

"Nimewakuta dukani, rafu nzima," akasema. "Wameanza kuwaleta. Nikasema huyu ni wako, hata kama umeshakuwa mkubwa. Huyu nilitakiwa nikuletee wakati ule."

Mdoli alikuwa mweusi tii. Uso wake ulikuwa uso hasa, pua, midomo, kila kitu mahali pake; nywele zimesukwa vinywele vidogo vidogo, gauni la njano. Tulimtazama sote, na safari hii tulikuwa waangalifu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno.

"Ahsante, shangazi," akasema msichana wetu. Aligeuza boksi, akasoma maandishi ya nyuma, akaliweka mezani. "Mzuri," akaongeza, kama mtu anayesifia kitambaa cha mwenzake.

Mdogo wake ndiye aliyelifungua. Mdogo wangu alijaliwa mtoto mwingine wakati hatutarajii tena, naye ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Alilirarua boksi, akamtoa mdoli kwa mguu, akambeba kichwa chini kwenda naye kwenye mkeka. Akamlaza, akamfunika na kitambaa cha kufutia vumbi, akampigapiga mgongoni. "Lala, mtoto," akasema. "Lala." Kisha akamsahau, akafuata kijiko, akarudi, akamlisha, akamwekea kijiko jichoni kwa bahati mbaya, akambusu.

Dada yake alikuwa amesimama karibu na meza akimwangalia.

"Hashangai," akasema.

"Nani?" akauliza mama yake.

"Huyu. Amemchukua tu, kama mtoto wake. Hata hajashangaa."

Alisema kwa sauti ndogo, si ya wivu. Alikuwa kama aliyeonyeshwa chumba cha nyumbani kwao ambacho hakujua kama kipo. Aliendelea kutazama, na midomo yake ikaanza kucheza. Akageuka, akafungua mlango na kutoka nje, uani. Shangazi akaanza kulia. Shemeji akainama kuokota vipande vya boksi, kimoja kimoja, ingawa havikuwa vingi.

Mdogo wangu aliweka kikombe chini na kumfuata binti yake. Kupitia dirishani niliwaona wamekaa kwenye ngazi, mabega yamegusana, nyuso zote mbili zimeelekea ukutani. Walikaa huko kitambo. Waliporudi ndani macho yao yalikuwa mekundu. Chai ilikuwa imepoa. Mdogo wangu akaimwaga, akabandika nyingine.